Anayekwenda misheni hurudi na deni

Vyuo vikuu vikifungwa mwezi wa saba, mabasi ya mikoani huanza kubeba mizigo ya aina nyingine. Juu ya masanduku na magodoro ya wanafunzi wanaorudi kwao hufungwa spika, jenereta, kinanda kilichoviringishwa blanketi na maboksi ya Biblia. Ni vijana wa vyama vya wanafunzi Wakristo kama TAFES, UKWATA na CASFETA, na wa vikundi vya makanisa ya mijini, wanakwenda misheni. Wengine watakaa wiki moja, wengine mbili. Watahubiri, wataimba, watatembea nyumba kwa nyumba, na wale wa vyuo vya tiba watapima watu presha na sukari. Kisha watarudi, na Jumapili inayofuata watasimama mbele ya usharika kutoa ushuhuda. Ushuhuda huo, karibu kila mara, huwa na maneno haya: safari hii imebadilisha maisha yangu.

Mimi nayaamini maneno hayo. Nilikwenda misheni nikiwa mwanafunzi, na mpaka leo naambatana na vijana kila nikipata nafasi. Kuna jambo huwapata kule, halina ubishi. Ninalotaka kulitazama ni jambo lenyewe: nini hasa hubadilika ndani ya mtu aliyetoka Sinza au Mbezi, Dar es Salaam, akalala Ugogoni siku chache, nani humbadilisha, na mabadiliko hayo huishia wapi basi likisharudi mjini.

Chukua kijiji kimoja tulichokwenda upande wa kusini wa Dodoma, eneo la Waanglikana tangu enzi za babu zao. Mwezi wa nane kule ni kiangazi kikavu. Upepo unavuma kutwa na vumbi linaingia mpaka kwenye kurasa za kitabu cha nyimbo. Mto ni mchanga mtupu. Tuliposhuka garini akina mama walitupokea kwa ngoma na vigelegele, kila mmoja akitusalimu "Mbukwenyi", nasi tukajibu vyovyote tulivyoweza. Jioni katekista aligawa wageni majumbani. Mabinti wawili wa kundi letu walipelekwa kwa bibi mmoja mjane, ambaye aliwapa kitanda chake, naye akatandika ngozi na mkeka jikoni. Nyuma ya nyumba waliwekewa ndoo ya maji ya kuoga, mmoja yake na mwingine yake, zimejaa.

Wakaoga. Walikuwa na vumbi la safari ya kutwa, nani angewalaumu?

Saa tisa usiku bibi aliamka. Binti mmoja aliyemsikia akauliza anakwenda wapi, akaambiwa alale tu, mwanangu, bado mapema. Hakulala, akachukua kanga akamfuata. Walitembea mpaka korongoni, wakakuta wanawake wengine wameshapanga madumu yao kwenye foleni, kila mmoja akingojea zamu ya kisima. Kisima chenyewe ni shimo lililochimbwa kwenye mchanga, refu kiasi kwamba anayechota anaingia ndani na kuonekana kichwa tu. Unachota kwa kata, taratibu, bila kuvuruga chini. Baada ya kata chache maji yanakwisha, unasubiri yachuruzike tena. Ukiharakisha unapata tope. Ndoo ikijaa unaweka majani mabichi juu yake yasimwagike njiani. Walirudi jua limeshachomoza, bibi akiwa na ndoo moja na binti moja, naye akiwa ameloa bega zima kwa kutojua kuitwika.

Hapo ndipo alipojua walichokioga jana yake. Zile ndoo mbili zilikuwa usiku mzima wa mama mzee. Jioni ile aliomba kopo moja tu, na alipoulizwa na mwenzake kulikoni, alishindwa kueleza, akalia.

Binti huyo ni mwanafunzi wa uuguzi. Darasani alikuwa ameshafundishwa trakoma, ugonjwa wa macho ambao wilaya za Dodoma, hasa Kongwa, zimejulikana nao kwa miaka mingi mpaka watafiti wa dunia wakaja kuuchunguza huko. Alijua kwamba bakteria wake husambazwa kwa vidole, nguo na nzi, kwamba ukimrudia mtu mara nyingi kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho mpaka linapofuka, na kwamba kinga mojawapo ni kumwosha mtoto uso. Siku ya kwanza aliwaona watoto wenye nzi machoni, akamnong'oneza mwenzake kwamba mama zao wangewanawisha tu. Baada ya korongoni hakulisema tena. Sasa alijua uso wa mtoto mmoja unaoshwa kwa maji ya nani, na yametoka wapi. Kitabu chake kilikuwa sahihi tangu mwanzo, lakini kilikuwa hakijamtembeza gizani kwenda kisimani.

Nadhani mabadiliko ya kweli ya misheni huanzia mahali kama pale. Mtu anaondoka nyumbani akijihesabu mtoaji: ana neno, ana dawa, ana nguo za mitumba, ana wimbo mpya. Anafika, na kabla hajatoa chochote ameshapewa kitanda, maji, kuku wa mwisho na nafasi ya mbele kanisani. Anajikuta mgeni. Na mgeni anategemea, hata kama mfukoni ana fedha kuliko kijiji kizima. Kwa mtu wa mjini aliyezoea kujilipia kila kitu, kutegemea huko kunatikisa sana. Wahubiri wetu hupenda sura ya 10 ya Injili ya Luka, Yesu anapowatuma wale sabini wawili wawili, lakini mara nyingi hukimbilia kwenye mavuno mengi na watenda kazi wachache. Hupita haraka kwenye masharti ya safari: wasichukue mfuko wala mkoba, wakae nyumba ile ile, wale watakachopewa. Yesu aliwatuma wakiwa wahitaji. Walipaswa kugonga mlango wakiwa na njaa.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa ilikuwa kiangazi, jembe letu lilikuwa fimbo ya kupuria mtama. Tulisimama duara na wenyeji, tukapura mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mazungumzo niliyoyasikia pale uwanjani yalizidi yale ya mkutano wa jioni wenye spika. Mzee mmoja alisimulia mwaka mvua zilipokatika mwezi wa pili na mtama ukakaukia shambani, jinsi walivyokusanyika kanisani kuomba, na jinsi mvua haikuja. Kijana wetu mmoja, aliyezoea kuhubiri kwamba ukiomba kwa imani utapata, akamwuliza walifanya nini basi. Mzee akajibu kwamba waliendelea kuomba, wakauza mbuzi, wakazika wawili waliozidiwa, wakapanda tena msimu uliofuata. Alilisema bila kupandisha sauti, huku akipepeta. Kijana yule hakuhubiri jioni ile ingawa zamu ilikuwa yake. Aliomba katekista ahubiri badala yake.

Na Jumapili kulikuwa na mnada. Msomaji yeyote aliyekulia kwenye makanisa yetu ya vijijini anaujua: ibada ikiisha, watu hutoka nje, na kila kilicholetwa kama sadaka kinanadiwa hapo chini ya mti. Debe la mtama, kuku, mafungu ya mlenda mkavu, karanga. Mtoto mmoja alileta yai moja. Mzee wa kanisa aliliinua juu kwa vidole viwili, akalitangaza kwa heshima ile ile aliyomtangazia jogoo. Mtu akalinunua kwa shilingi mia tano, akasema linadiwe tena. Likanadiwa. Aliyelinunua mara ya pili akalirudisha pia. Yai lile lilizunguka mpaka likawa limechangia sehemu ya bati la paa, na mwishowe likarudishwa mkononi mwa mtoto aliyelileta, akapige nalo chai. Vijana wetu, waliokuja na bahasha ya "kusaidia kanisa", walisimama wakitazama watu wanavyojengeana nyumba ya Mungu kwa yai moja, na bahasha yao wakaiona upya. Hawakuiona haina maana, kwa kuwa mabati huhitaji fedha. Waliona tu kwamba hapa ujenzi ulishaanza kabla yao, una wenyewe, na wao ni wachangiaji kama yule mtoto.

Nalisema hili kwa sababu kuna ushuhuda mwingine unaopendwa sana ambao unanipa wasiwasi. Ni ule wa "hawana kitu lakini wana furaha, nimejifunza kushukuru". Unatolewa kwa moyo safi. Lakini usikilize mpaka mwisho. Anayeshukuru hivyo anashukuru kwamba yeye si wao. Maisha ya bibi yule yamekuwa somo lake la kuridhika na bomba la nyumbani, na bibi mwenyewe ameachwa korongoni saa tisa usiku. Tena si kweli kwamba wana furaha tu. Wana furaha siku ya wageni, kama sisi sote. Wana pia hofu ya mwezi wa kumi na mbili, ada za watoto, jicho linalouma na mgogoro wa mipaka ya shamba. Kumwona mtu katika tabasamu lake peke yake ni kutomwona.

Kuna hasara nyingine pia, inayopimika. Baada ya Kimbunga Mitch kuibomoa Honduras mwaka 1998, makundi mengi ya makanisa kutoka Amerika Kaskazini yalikwenda kujenga nyumba kwa wiki moja moja. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia aliyekuwa akiishi huko, aliwafuatilia wasafiri hao na familia zilizojengewa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006. Nyumba ya wageni, ukijumlisha na nauli zao za ndege, ilifikia wastani wa dola 30,000. Nyumba iliyojengwa na Wahonduras wenyewe ilikuwa dola 2,000 hivi. Familia hazikuona tofauti kubwa ya maisha kati ya kujengewa na mgeni na kujengewa na mwenzao. Wasafiri wengi walisema wamebadilika, wanaomba zaidi, wanatoa zaidi. Kumbukumbu za michango za shirika lililowapeleka hazikuonyesha ongezeko la maana.

Habari hiyo iniumize mimi Mtanzania kwa nini? Kwa sababu nasi tumeshaingia katika mkondo huo huo. Safari za muda mfupi zilienea duniani tangu Loren Cunningham alipoanzisha Youth With A Mission mwaka 1960, na mwanasosholojia Robert Wuthnow aliwahi kukadiria kwamba Wamarekani wapatao milioni 1.6 walikuwa wakisafiri hivyo nje ya nchi yao kila mwaka. Sisi hatupandi ndege, lakini tunakodi basi, tunashona fulana za kundi zenye mwaka na jina la kijiji, tunanunua mafuta ya jenereta, na kule tuendako katekista anahudumia vijiji kadhaa kwa miguu. Tunawapima wazee presha, tunawaambia iko juu, tunawaombea, tunaondoka. Mwezi ujao dawa atazitoa wapi? Vijana wa tiba wanaoanza kwa kuzungumza na mganga wa zahanati ya kijiji, wakamwachia majina na vipimo, wanafanya kazi iliyo tofauti kabisa na wale wanaofunga virago na mashine yao.

Kuna waliokasirika zaidi yangu. Mwaka 1968, Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijitolea Mexico kwamba waje kutazama, kupanda milima, kufurahia maua na kusoma, lakini wasije kusaidia. Miaka mitatu baadaye Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alisimama nchini Marekani akaomba wamisionari na fedha zao visitishwe kwa miaka isiyopungua 5, kanisa la Afrika lipate kusimama kwa miguu yake. Hoja yake ikabebwa mpaka kwenye mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974. Namheshimu Gatu sana. Aliona kwamba anayepokea daima hudumaa, na anayetoa daima huwa kipofu.

Hata hivyo sitaki safari hizi zife, kwa sababu zina asili nyingine karibu nasi, ambayo tunaisahau. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda, baada ya Simeon Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929, ulienezwa na vikundi vidogo vya watu wa kawaida: walimu, wauguzi, wakulima. Waliomba ruhusa kazini, wakasafiri kwa miguu au kwa lori, wakakaa na wenyeji, wakarudi. Hawakuwa na spika. Walichokuwa nacho ni desturi moja ngumu: anayehubiri anaanza kwa kutubu yeye mwenyewe mbele ya aliokwenda kuwahubiria, tena dhambi zenye majina. Mzungu alitubu kiburi chake mbele ya Mwafrika aliyemtumikisha, mume mbele ya mkewe. Hivyo ndivyo moto ule ulivyovuka mpaka ukaingia Kagera na Kenya. Mtu aliyetoka na kikundi kile alikuwa ameshabadilika kabla hajafika aendako, la sivyo asingekuwa na la kusema.

Na safari fupi iliyo maarufu kuliko zote katika Agano Jipya ilimbadilisha mhubiri. Petro anatoka Yafa kwenda Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, mahali ambapo Myahudi wa msimamo wake hakupaswa kuingia. Anahubiri, Roho anawashukia wenyeji, wanabatizwa, wanamwomba akae kwao siku kadhaa. Tunaishia hapo tukishangilia ubatizo. Lakini sura inayofuata inamwonyesha Petro akihojiwa Yerusalemu na ndugu zake wa imani. Hawakumuuliza kwa nini alihubiri. Walimuuliza kwa nini alikula na watu wale. Safari ilimgharimu kule alikorudi, mezani kwa watu wake. Na barua kwa Wagalatia inasimulia kwamba baadaye, Antiokia, Petro huyo huyo aliyekula kwa Kornelio alianza kujitenga na meza ya wasiotahiriwa mara tu watu walipofika kutoka kwa Yakobo, mpaka Paulo akamkabili hadharani. Kama Petro aliweza kurudi nyuma, kijana wa Sinza atapona vipi?

Atapona akiwa na mtu wa kumkabili. Basi likisharudi mjini, mambo mawili hutokea. Wengi huweka picha kwenye simu, hushuhudia Jumapili moja, na kufika mwezi wa kumi na moja yule bibi amekuwa "bibi mmoja wa kule". Wachache hubaki na jina lake na namba ya simu ya jirani yake. Wanapiga mvua za kwanza zikichelewa. Wanaulizana kwenye kundi lao nani amewasiliana na nani. Binti yule wa korongoni alipohitimu na kupangiwa zahanati ya mbali, mahali ambapo wenzake wengi huhangaika kutafuta uhamisho hata kabla ya kuripoti, aliripoti. Aliniambia kwa simu kwamba hakwenda kwa sababu ya ujasiri. Alikuwa na deni la ndoo mbili za maji, na hajui kulilipa kwa njia nyingine.

Neno deni ndilo ninalolitafuta ninaposikiliza shuhuda siku hizi. Paulo alijiita mdaiwa kwa watu ambao hata hajawaona. Anayedaiwa hawezi kusahau, wala hawezi kujigamba. Apolo Kivebulaya, Mganda, alipokwenda Mboga nchini Kongo mwaka 1896, alidhani pengine anakwenda kutoa. Alipigwa, alifungwa, akarudi tena kule kule, akaishi na watu wale na jirani zao wa msituni, akafia Mboga mwaka 1933. Wengi wetu hatutaitwa kukaa miaka kama yake, na wiki mbili si dhambi. Lakini wiki mbili zinazokwenda kila mwaka kijiji kipya, kwa sababu kijiji cha zamani "kimeshafikiwa", zinawanyima vijana kitu pekee kilichoweza kuwabadilisha, yaani kurudi na kutambuliwa kwa jina.

Kundi moja ninalolijua limeacha kutafuta vijiji vipya. Linakwenda pale pale, watu wachache zaidi, bila fulana, na nauli iliyookolewa ilimnunulia katekista baiskeli. Katekista ndiye aliyewaambia kwamba mwezi wa kwanza, wakati wa palizi, mikono yao ingefaa kuliko mwezi wa nane wakati wa mikutano, kwa hiyo waliokuwa na likizo walikwenda mwezi wa kwanza. Kisha wakafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote: waliialika kwaya ya kijiji mjini. Wanakwaya walilala kwenye nyumba za wazazi wa vijana, wakaimba ibada mbili, na katekista akahubiri.

Jioni moja katekista aliketi sebuleni kwa mwenyeji wake, mzee wa kanisa mwenye nyumba nzuri yenye geti. Upande wa pili wa ukuta zilisikika sauti za watoto. Katekista akauliza, kama mtu wa kijijini anavyouliza, jirani huyo anaitwa nani na hali yao ikoje. Mwenyeji hakujua jina. Wameishi hapo miaka mingi. Katekista hakusema neno baya, aliomba tu kama wanaweza kwenda kuwasalimia kesho kabla basi halijaondoka, kwa kuwa asingependa kurudi kwao bila kuwajulia hali.

Walikwenda asubuhi, katekista mbele na mwenyeji nyuma. Wiki iliyofuata jumuiya ya mtaa ule ilipanga ratiba yake ya kutembelea nyumba kwa nyumba, hapo hapo mtaani.